Jitu la Mabega Matupu

Jumatatu, 14 Julai

Msasa tangu saa moja asubuhi. Vinyago vimerudi kutoka maonyesho ya Saba Saba na alama za vidole vya watu walioshika, wakasifia, wakaenda zao. Navisugua, navipaka nta, navipanga upya. Baba anachonga kingine pembeni yangu kana kwamba hivi havijarudi. Banda letu la Chamazi limejaa mpaka tunapita upande upande.

Saa tano simu. Yule dada Lulu wa Kinondoni. Ndiye aliyesimama mezani kwetu Saba Saba akakizunguka kinyago changu cha watu tisa mara tatu akikitazama. Kumbe ana studio ya kutengeneza magemu ya video. Wanatengeneza gemu la majitu ya chuma, na anatafuta mtu wa kubuni maumbo yake. Vijana waliomletea michoro wanachora vizuri, anasema, ila majitu yao hayasimami. Anataka mtu anayejua kitu kinasimamaje.

Masharti mawili. Kwanza nicheze gemu kubwa la aina hiyo lililoko sokoni, wao kwa kifupi wanaliita Majitu, niandike ripoti ya uzuri wake na udhaifu wake bila kupendelea. Pili, siku ya kuisoma ripoti nije na jitu nililoliunda mwenyewe, lipigane na la mchezaji wao. Anasema mtu asiyejua kwa nini jitu linaanguka hawezi kulibuni. Siku ni Alhamisi, tarehe 7 Agosti. Nikifaulu yote mawili, kazi ni yangu.

Nina miaka thelathini na mbili na sijawahi kushika gemu. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza kuongea.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Baba. Akauliza hilo jitu linaundwaje. Nikamweleza nilivyoelewa: unachagua kichwa huku, mikono kule, miguu kwingine, unaunganisha.

Akaweka tezo chini. "Kwa hiyo la gundi."

Akaokota tezo, akaendelea. Mazungumzo yameishia hapo.

Namwelewa, na ndicho kinachoniudhi. Kwetu sisi Wamakonde kinyago ni gogo moja. Watu tisa, gogo moja. Mkono ukivunjika umevunjika, unabadilisha umbo au unaanza upya. Wapo wanaobandika kwa gundi na unga wa mpingo, juu wakapaka dawa ya viatu, mteja haoni kitu. Baba hawasalimii watu hao. Nikiwa darasa la tano nilibandika sikio la kinyago kwa siri. Nilichapwa mpaka mama, Mungu amrehemu, akaja kuniombea.

Jumatano, 16 Julai

Bi Mwanaidi jirani ana televisheni mbili za gemu sebuleni. Alfajiri anakaanga vitumbua, jioni vijana wanakuja kucheza gemu la mpira. Katikati hapo televisheni zimelala tu. Nikampa shikamoo, nikaeleza shida yangu. Akasema nije kila asubuhi, ila nikimaliza nifute pedi za kuchezea, maana mikono yetu mafundi ina nta. Ati nta! Pedi zake zenyewe zinateleza kwa mafuta ya vitumbua.

Diski ya gemu kaniletea bodaboda aliyetumwa na Lulu. Nimecheza saa mbili, nimekufa mara kumi na nne. Mara nyingi sikujua hata nani amenipiga.

Uzuri, naandika nisisahau: jitu linapotua kutoka juu linakunja goti, kifua kinashuka, mguu wa nyuma unateleza kidogo kwenye vumbi. Uzito unauona kwa macho. Aliyeunda hilo goti anajua mzigo unaelekea wapi. Nimeruka na kutua mara ishirini kwa raha tu, adui ananipiga naye.

Udhaifu: maelezo yote kwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Nimesogea mpaka pua ikagusa kioo.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimeingia karakana. Ni sehemu ya gemu ambako unaunda jitu lako kabla ya vita. Nimesahau chai. Kichwa, kifua, mikono, miguu, injini. Silaha nne: mbili mikononi, mbili mabegani. Kila kipande kina uzito wake, miguu ina kikomo cha kubeba, injini ina kikomo cha nguvu. Ukiruka au kukimbia kwa kasi nguvu inapungua, ikiisha jitu linasimama kama mbuzi aliyefungwa mpaka ijae tena.

Hii ni kazi ya ufundi. Sikutegemea. Nilidhani ni mambo ya watoto ya kupigana risasi.

Ndani ya gemu kuna watengenezaji watano wa vipande, kila mmoja na mtindo wake. Nimechukua kila kitu cha mtengenezaji mmoja. Sikufikiria mara mbili. Limetoka zuri ajabu, mstari mmoja kutoka kichwani mpaka unyayoni, ungedhani limechongwa kwenye gogo moja. Nikawaza, Baba angeliona hili asingetaja gundi.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya aibu.

Bi Mwanaidi kaja na sahani ya vitumbua vilivyobaki, kakaa, katazama. Kisha, "Hebu na mie nijaribu, mwanangu." Kachagua vipande kama anachagua vitenge. Kichwa kwa sababu kina pembe. Mikono kwa sababu ya njano. Miguu minne kama ya buibui kwa sababu "hii itakaa vizuri." Kituko kitupu. Kioo kikagawanywa nusu kwa nusu, tukapigana.

Kanipiga mara tatu mfululizo. Mwanamke hajui hata kitufe cha kuruka ni kipi. Anabonyeza vyote kwa pamoja huku anacheka na kujifuta machozi kwa mtandio.

Nimeondoka bila kuaga. Nitaomba radhi kesho.

Jumatatu, 21 Julai

Radhi nimeomba. Kanijibu kwa kunipa pedi na kusema, "Njoo nikupige tena."

Nimempelekea Lulu ukurasa wa kwanza wa ripoti kwa simu. Udhaifu namba moja nimeandika kwa kujiamini kabisa: jitu linaundwa kwa vipande vilivyoungwa na viungo vyote vinaonekana, jambo linaloondoa uaminifu wa kazi. Nikaongeza kwamba gemu lingekuwa bora kama jitu zima lingetoka kwenye kitu kimoja.

Jibu lake limekuja kwa sauti. Sekunde za mwanzo ni kicheko. Na nyuma yake kuna mwanamume naye anacheka. Halafu: "Vero, mdogo wangu, hilo ndo gemu lenyewe. Kuunganisha ndo gemu. Ukitoa hiyo hakuna kilichobaki."

Uso umewaka moto. Nimeutazama ukurasa wangu, nimeona kabisa kwamba haukuandikwa na mimi. Umeandikwa na Baba.

Jumanne, 22 Julai

Nimekaa karakana asubuhi nzima bila kupigana. Nasoma namba tu. Nimeelewa kwa nini Bi Mwanaidi ananipiga. Kila mtengenezaji ana ugonjwa wake. Huyu niliyemchagua mimi vipande vyake ni vigumu, ila vyote vinachelewa kujaa nguvu. Nilipochukua seti nzima nikachukua ugonjwa mwili mzima. Bi Mwanaidi kwa pembe zake na njano yake kachanganya, kwa hiyo kila kipande kinamfichia mwenzake aibu.

Uzuri wa gemu, namba mbili: haliruhusu mtu ashinde kwa kupenda. Lazima ujue.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeuza imani. Nimechanganya. Watengenezaji wanne kwenye jitu moja. Na kwa vile nimeshatenda dhambi nikaamua kuitenda vizuri: bunduki mbili mikononi, makombora bega la kulia, mzinga bega la kushoto, ngao kila mahali panapowekwa ngao. Duka la vyuma linalotembea.

Halitembei. Linaburuta miguu. Hatua tatu, nguvu imekwisha. Adui wa ngazi ya sita ananizunguka kama anatafuta mahali pa kuketi, kisha ananilipua. Mara tisa.

Mara ya kumi nikamfikisha karibu na kufa, umeme ukakatika. Uliporudi, lile jitu lote, kazi ya saa tatu, halikuwepo. Gemu halihifadhi kitu mpaka ushinde vita. Udhaifu huo nimeuandika kwa herufi kubwa na maneno ambayo itabidi niyafute.

Jumapili, 27 Julai

Misa. Ugali na kisamvu. Baba anaongea na kila mtu isipokuwa mimi. Kamsimulia jirani mechi nzima ya jana, dakika kwa dakika, mimi nikiwa katikati yao na sahani mkononi.

Siku kumi na moja zimebaki. Sina jitu, sina ripoti. Vijana wawili wa chuo nao wanataka kazi hii, Lulu kaniambia leo, wenye kompyuta zao na michoro yao ya rangi. Nina wivu. Nina hofu. Naitaka kazi hii kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Sitaki kurudi Saba Saba mwakani kusimama nyuma ya meza nikitabasamu mpaka mashavu yaume.

Jumanne, 29 Julai

Nilikuwa nachonga mpiga ngoma. Siku ya tatu, na bado alikuwa kama gunia. Nazunguka, nakwangua kidogo hapa, kidogo pale. Mawazo yako kwenye mizinga na makombora.

Baba akashindwa kuvumilia. Siku kumi na nne za kununa zikapasuka kwa neno moja. "Toa!" Nikashtuka, patasi nusura inikate. "Unaogopa nini? Toa tumbo. Toa huo mgongo. Mtu wako bado kalala humo ndani, wewe unampapasa juu juu."

Nikatoa. Kwa hasira, vipande vikubwa vikubwa. Tumbo likaingia, mgongo ukapinda, shingo ikawa nyembamba mpaka nikaogopa. Na yule mpiga ngoma akasimama. Kwa mguu mmoja na nusu, lakini kasimama, na ungedhani anaisikia ngoma.

Kisha nikatupa patasi, nikaenda mbio kwa Bi Mwanaidi, unga wa mpingo mpaka kwenye viwiko. Baba nyuma yangu anauliza sasa huyu anakwenda wapi.

Jumatano, 30 Julai

Naandika kwa furaha.

Jana niliingia karakana, nikaliunda upya lile duka la vyuma, nikaanza kutoa. Nikatoa mzinga. Pale juu kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu: bega hili ni tupu, una hakika? Nilikuwa nimeshayaona zamani, na kila mara nilirudi nyuma nikidhani ni kosa. Nadhani kila anayecheza anarudi nyuma. Nani anaacha bega tupu? Mahali pa kuweka silaha pameachwa wazi, unaweka silaha.

Una hakika? Ndiyo. Nikatoa makombora. Mekundu tena. Ndiyo. Nikatoa ngao za mapaja, ngao za mgongo, bunduki ya kushoto nikabadilisha na upanga mfupi. Kila nilipotoa, namba ya uzito ikashuka, na namba ya kujaa nguvu ikapanda. Hakuna mahali gemu limekuambia hivyo. Ukiwa mwepesi vya kutosha, injini inakulipa kwa hicho ulichokiacha.

Likabaki jitu jembamba, lenye mabega matupu, mkono mmoja bunduki, mwingine upanga. Miguu ya mtengenezaji mmoja, kifua cha mwingine, na halikuonekana limeungwa hata kidogo. Limekaa kama mtu anayesikiliza.

Adui wa ngazi ya sita: mara ya kwanza. Wa saba: mara ya kwanza. Wa nane alinichelewesha kidogo. Bi Mwanaidi kanikuta nimesimama juu ya kochi lake kwa miguu yenye vumbi. Hakuniambia nishuke. Kapiga kigelegele.

Ijumaa, 1 Agosti

Naruka kama kipanga. Ngazi ya kumi na mbili.

Nimegundua jambo. Tumecheza tena nusu kwa nusu, na Bi Mwanaidi akawa analalamika, "Umekwenda wapi? Mbona sikuoni?" Niko juu ya kichwa chake tu. Nikatazama nusu yake ya kioo. Kumbe jicho la gemu, lile linalomfuata adui, haliwezi kuinuka kufika juu kabisa. Mtu mwepesi akipita utosini mwako, kwako anatoweka. Sekunde mbili nzima unatazama ukuta. Jitu zito halifiki huko juu, ndiyo maana wengi hawajui.

Sekunde mbili ni nyingi sana kwa mwenye upanga. Nimempiga Bi Mwanaidi mara kumi na moja. Kanifukuza kwa mwiko.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwama.

Ripoti naisoma kwanza. Vita baadaye. Mchezaji wa studio, Edgar, atakuwa amekaa hapo hapo anasikiliza. Jicho la gemu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote niliouona, na ndio silaha yangu kubwa. Nikiuandika nitakuwa nimempa Edgar silaha yangu kwa mikono miwili. Nisipouandika, nitakuwa nimemdanganya Lulu.

Bi Mwanaidi, nilipomweleza, hakusita. "Nyamaza, mwanangu. Shinda kwanza, ukipata kazi utawaambia." Maneno ya akili. Nimeyapenda. Nimerudi nyumbani nikaandika ripoti nzima bila jicho. Imesomeka vizuri tu. Hakuna ambaye angejua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeisoma tena asubuhi. Imejaa herufi ndogo na umeme kukatika. Udhaifu wa kweli haumo. Nimejikuta natafuta maneno ya kuziba pale panapopwaya, nalainisha sentensi ili pengo lisionekane. Najua hiyo kazi. Ni gundi na unga wa mpingo.

Nimekasirika na Baba kwa kunilea hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika. Aya nzima, bayana, na mfano. Basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefika Kinondoni saa nne kasoro. Studio iko ghorofani, juu ya duka la vigae. Chumba kimoja, feni mbili, watu sita. Lulu kanikumbatia. Edgar ni mwembamba, anatafuna ubani, kavaa kofia ndani ya nyumba. Nikaitambua sauti. Ndiye aliyecheka nyuma ya simu.

Nikasoma. Sauti ilianza ndogo, ikakua. Uzuri: uzito unaoonekana, goti linalokunjika, mguu unaoteleza. Karakana, ambayo ni nusu ya gemu, na ndiyo nusu bora. Hakuna kipande kisicho na ugonjwa, kwa hiyo hakuna jitu moja linaloshinda yote. Na uhuru wa kuacha mahali patupu, ambao ni uzuri mkubwa wa gemu hili, na gemu lenyewe linauonea haya: linauwekea maandishi mekundu badala ya kumfundisha mtu. Udhaifu: herufi, kutohifadhi kazi, hadithi ndefu katikati ya vita isiyomhusu mtu. Pale Lulu akacheka.

Kisha jicho. Nikasoma polepole. Edgar akaacha kutafuna. Akachukua kalamu.

Vita tatu, wa kushinda mbili ndiye mshindi. Jitu lake lilipotokea kwenye kioo watu walipiga makofi. Bunduki mbili, makombora mabegani, kama lile langu la zamani, ila lake linatembea, maana yeye anajua kupima. La kwangu lilipotokea hakuna aliyepiga. Mtu mmoja akauliza kama bado sijamaliza kuliunda.

Vita ya kwanza nilishinda kwa dakika moja. Kusikia jambo na kulizoea ni vitu viwili. Nilipita utosini, akatazama ukuta, upanga ukaingia mgongoni.

Ya pili hakurudia kosa. Kwenye uwanja kuna daraja la zege. Akarudi kinyumenyume mpaka chini yake, mgongo ukutani, zege juu ya kichwa. Utosini hakupitiki tena. Njia ni moja, ya mbele, na mbele kuna bunduki mbili na makombora. Mwepesi anayepigwa makombora hahitaji mengi. Nilijaribu kutoka nyuma ya nguzo iliyo mbele ya daraja kumfuata. Kila mara nguvu iliniishia hatua tatu kabla ya kumfikia, nikasimama pale wazi, nikaliwa. Makofi. Mmoja wao akanitazama kwa huruma. Niliichukia ile huruma kuliko makombora.

Dakika tano za karakana kabla ya vita ya mwisho. Akili inaniambia ongeza: ngao ya kuzuia makombora, bunduki ya mbali, chochote. Nilishaishika ngao. Nikapiga hesabu ya uzito, zile hatua tatu zilizonipungukia zingekuwa sita. Nikairudisha.

Basi nikatoa. Nikatoa bunduki, ile moja niliyokuwa nayo. Mekundu: mkono wa kulia ni mtupu, una hakika? Mabega mekundu, mkono mwekundu, kioo kizima kimekuwa chekundu. Umebaki upanga mfupi mkono wa kushoto, basi. Edgar akaona, akacheka kwa sauti. "Sista, unaenda kupika au kupigana?" Chumba kizima kikacheka. Lulu hakucheka. Kakunja mikono, kasogea karibu na kioo.

Ndiyo, nina hakika.

Edgar akaenda moja kwa moja chini ya daraja lake. Nikasimama nyuma ya nguzo ileile. Nikangoja. Akarusha makombora, yakapiga nguzo, vumbi likatanda. Nikatoka.

Hatua tatu za mwisho, zile zilizonishinda, nikazipita na nguvu bado ipo. Niliisikia kwenye vidole kabla ya kuiona. Niko mbele ya uso wake. Bunduki zake ni ndefu, mikono mizito, na kajibana ukutani mwenyewe, hana pa kugeukia. Upanga mara ya kwanza, jitu lake likapepesuka. Mara ya pili. Mara ya tatu likapiga goti, zuri sana lile goti, likaanguka na kishindo mpaka pedi ikatetemeka mikononi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nadhani ilikuwa Kimakonde.

Edgar kavua kofia. Kaja kunipa mkono. "Umeniua na kisu cha jikoni, sista. Mie mtaani nitasemaje?" Nimempenda papo hapo.

Lulu kaniita pembeni, kaniuliza kwa nini niliandika habari ya jicho wakati najua Edgar anasikiliza. Nikamwambia ulisema bila kupendelea. Akanitazama muda mrefu kama alivyokitazama kinyago. Vijana wa chuo, anasema, wote wawili waliliona lile jicho. Hakuna aliyeliandika. Yeye aligundua alipowatazama wakipita utosini mwa Edgar, na Edgar hakumwambia.

Naanza Jumatatu ya tarehe 18. Mbunifu wa maumbo. Nitachonga majitu kwa mpingo kwanza, wao watayaingiza kwenye kompyuta. Nimeshinda. Naandika tena kwa sababu ni tamu: nimeshinda!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna kazi. Bi Mwanaidi kautangazia mtaa mzima mpaka kwenye uwanja wa mpira. Katika simulizi yake majitu ya Edgar yalikuwa manne. Vitumbua bure kwa kila anayepita kunipa hongera. Nimekula mpaka naumwa.

Baba kasema, "Hongera." Kaenda kuoga.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Bi Mwanaidi kaja kumchukua Baba mwenyewe. Hakumwomba, kamwambia avae viatu. Baba kakaa kwenye kochi, kofia magotini, kama mtu anayesubiri daktari.

Nikawasha. Sikumwonyesha vita. Nikafungua karakana tu, jitu langu limesimama peke yake katikati, mabega matupu. Baba akafanya ishara ya kidole: zungusha. Nikazungusha. Tena, polepole. Akaniambia nilisimamishe mgongoni. Akautazama mgongo muda mrefu kuliko mbele. Televisheni ya pili vijana wanagombana juu ya penalti. Bi Mwanaidi kawanyamazisha.

"Goti la kushoto," akasema. "Umeliacha nene."

Tangu nishike patasi, kila kinyago nilichomwonyesha aliniambia kizuri. Kizuri, mwanangu. Ndivyo anavyowaambia wateja, na watoto wa jirani. Kasoro anawatajia mafundi wenzake tu, wale wazee watatu anaokaa nao kule sokoni, na wao wanamtajia zake, na huwa wananuniana wiki nzima. Mimi hajawahi kunitajia. Hata "toa" ile ya juzi aliipiga kama anavyomkemea mtoto anayechezea moto.

Nikalitazama lile goti. Kweli, nene. Nilikuwa nimeacha ngao ndogo pale bila kuiona, siku zote hizi.

Nikaitoa. Baba akaegemea kochi, akamwomba Bi Mwanaidi chai.